Fundi wa Viraka Kutoka Croydon

Dogo wa bodaboda kaja kijiweni jana jioni na jezi mpya. Mpya kwake yeye. Yenyewe ni mtumba wa Karume, nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya maziwa ya chai, nembo ya Fulham upande wa moyo, na kifuani palipokuwa na LG, L imebanduka, imebaki G peke yake kama jino la mwisho la bibi kizee. Kaagiza kahawa, kachukua kashata, kajipigapiga kifua. "Wazee, shikamooni. Hivi hawa Fulham walishawahi kuwa na lolote?"

Kosa. Kijiwe chetu hakiulizwi swali la mpira saa kumi na moja jioni, hasa kama una abiria anakusubiri.

"Walifika fainali ya Ulaya," nikamjibu. "Mwaka 2010. Kocha wao alikuwa Roy Hodgson."

"Nani? Huyo aliyefungwa na Iceland?" kadakia fundi cherehani wetu, macho hayajatoka kwenye sindano. Msonyo ukapita kijiwe kizima kama tairi linatoa upepo.

Hapo ndipo ninapoudhika mimi. Mtu kaanza ukocha mwaka 1976. Kakalia mabenchi ya nchi 8, timu za taifa 4 peke yake: Uswisi, Falme za Kiarabu, Finland na Uingereza yao. Klabu ukizihesabu kwa vidole utaomba na vya jirani. Februari 2024 anaachia Crystal Palace, ana miaka 76. Halafu ukimtaja tu, watu wazima na akili zao wanakumbuka dakika 90 za usiku mmoja pale Nice. Unawapikia watu pilau miaka arobaini, siku moja likakuungulia, basi unaitwa Mama Ukoko hadi kaburini.

Nikasema leo hamlali bila kumjua huyu mtu. Dogo akazima pikipiki.

Kazaliwa Croydon, kusini mwa London, mwaka 1947. Baba yake dereva wa basi.

"Kumbe mtoto wa daladala!" akachekelea dogo.

Wa daladala, ndiyo. Alikuwa kwenye vijana wa Crystal Palace, lakini timu ya kwanza hakuigusa. Akashuka ligi za mchangani. Si mchangani wa Jangwani, mchangani wa kwao: timu kama Tonbridge, Gravesend na Maidstone, za watu wanaotoka kazini ndipo wanafunga viatu. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa michezo shuleni. Mwaka 1973 akapanda ndege kwenda Afrika Kusini, akachezea Berea Park ya Pretoria.

Kuna mzee wetu mmoja hapo hasemi sana. Kazi yake ni drafti, na kete zake ni vifuniko vya soda, anaviosha kila Ijumaa. Akasimamisha kidole juu ya kifuniko.

"Mwaka gani ulisema?"

"Sabini na tatu, mzee."

"Pretoria?"

"Ndiyo, mzee."

"Ligi ya weupe watupu?"

"Ya weupe, mzee."

Akasonya. Huo sasa haukuwa msonyo wa tairi, ulikuwa msonyo wa mtu aliyekumbuka deni. Mnaelewa lakini. Mwaka huo Kamati ya Ukombozi ya OAU makao yake yalikuwa hapahapa Dar es Salaam, wapigania uhuru tunapishana nao barabarani, FIFA imeshaisimamisha Afrika Kusini miaka na miaka, halafu kijana wa Croydon anakwenda kupiga mpira Pretoria. Hodgson alikuja kusema kwamba alifuata mpira tu.

"Kila aliyekwenda kule alifuata kitu fulani tu," akasema mzee, akasogeza kete yake.

Mimi hapo sina utetezi, na sikumtetea. Ila tangu dakika ile mzee hakumtaja tena kwa jina. Ikawa "huyo wa Pretoria" mpaka birika likakauka.

Sasa njooni Uswidi. Hodgson alikuwa na rafiki wa shule, Bob Houghton, aliyekwishatangulia kule kuifundisha Malmö. Halmstad, timu ya pwani huko magharibi, ilikuwa imeponea chupuchupu kushuka daraja msimu wa 1975 na inatafuta kocha. Houghton akamnong'onezea mtu, mtu akamnong'onezea mtu, na mwanzoni mwa 1976 mwalimu wa michezo mwenye miaka 28, jina halimo popote, akakabidhiwa timu ambayo kila aliyejua mpira alishaizika. Mwisho wa msimu Halmstad ni bingwa wa Uswidi. Siyo imebaki ligi, bingwa! Mwaka 1979 wakarudia.

"Kawapa nini?" akauliza muuza kahawa, ambaye kwa kawaida huuliza bei tu.

Nikamwomba vikombe vinane. Akasita, akanipa, akaniambia nikivunja kimoja nalipa dazeni. Nikavipanga juu ya ubao wa drafti, vinne nyuma, vinne mbele, kipande cha kashata ndiyo mpira. Waswidi, nikasema, walikuwa wanacheza kama Wajerumani wa enzi zile: beki mmoja nyuma ya wote anasafisha, waliobaki kila mmoja ana mtu wake, anamfuata hadi chooni. Ukimvuta mtu wako huku na mimi wangu kule, katikati panabaki uwanja wa kuanika mpunga. Houghton na Hodgson wakafuta hayo. Wakasema hakuna kukaba mtu, tunakaba eneo. Nikasogeza kashata kulia: vikombe vyote vinane vikahamia kulia. Nikaipeleka kushoto: vyote kushoto. Ikija mbele, mstari wa nyuma unapanda, na washambuliaji wao wanajikuta wameotea. Kati ya mstari na mstari hapapiti hata mbuzi. Hilo linafanywa asubuhi, linafanywa jioni, linafanywa siku ambayo hakuna timu pinzani uwanjani, wachezaji kumi na mmoja wanahamahama na kivuli. Wapo wachezaji wake waliolalamika: mazoezi yanachosha akili kuliko miguu. Waswidi wakagawanyika. Wengine wakasema huo si mpira, ni gwaride.

Nilipotaka kuonyesha kona, nikakuta dogo kashaula mpira.

Kumbukeni hivyo vikombe, nitavirudia. Houghton mwaka 1979 alikwenda navyo hadi fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya pale Munich, Malmö ya vijana wa nyumbani, wakafungwa 1-0 na Nottingham Forest. Kocha mmoja mdogo wa hukohuko Uswidi, Sven-Göran Eriksson, akachota maarifa kwenye kisima hicho, na mwaka 1982 akachukua Kombe la UEFA na IFK Göteborg. Mwaka 2001 Waingereza wakamlipa huyohuyo Eriksson mapesa, mgeni wa kwanza kufundisha timu yao ya taifa. Yaani kitu kimetoka kwao kimebebwa na vijana wasiojulikana, kikapata kibali ughaibuni, kikarudi na jina la kigeni, wakakinunua kwa bei ya kigeni. Mtu akikwambia mambo ya kudharau cha nyumbani ni maradhi ya Waafrika, mpe hiyo.

Bristol City nipite haraka. Mwaka 1982 alikabidhiwa klabu imefilisika, wachezaji wanane wameombwa wachane mikataba yao ili klabu isife, na haikupita miezi mingi kabla na yeye hajaondoka. Nyumba inaungua, wanakupa ufagio.

Akarudi Uswidi. Malmö, 1985 hadi 1989, kila mwaka kwenye msimamo wa ligi wa kwanza ni yeye, miaka 5 mfululizo. Ubingwa akapewa mara mbili tu, 1986 na 1988, kwa sababu kipindi kile ulikuwa unaamuliwa kwa mechi za mtoano baada ya ligi kwisha. Mwaka 1989 wakawatoa Inter Milan, mabingwa wa Italia, kwenye Kombe la Klabu Bingwa. Uwanjani kwao kona ya jukwaa ikapewa jina lake, kona ya Roy. Sisi hapa makocha wanapita kama abiria wa mwendokasi, leo Dylan Kerr yuko Simba, kesho hayupo. Stewart Hall tulimwona Azam zaidi ya mara moja, na kila akija anapewa ufunguo uleule na mlango uleule wa kutokea. Nani kati yetu amewahi kumpa kocha kona?

Kutoka hapo Uswisi, klabu ya Neuchâtel Xamax. Hapa dogo akaamka, maana nilimtajia Misri. Xamax ilikuwa na Wamisri watatu: Hany Ramzy, Ibrahim Hassan na pacha wake Hossam Hassan, huyuhuyu aliyekuja kupewa timu ya taifa ya Misri mwaka 2024. Oktoba 1991 Celtic ya Scotland ikaja Neuchâtel kwenye Kombe la UEFA. Ikarudi na 5-1. Hossam Hassan peke yake kafunga 4. Wenye Celtic yao walikuwa hawajui kama Waafrika wa namna hiyo wapo, na hawakujua kama kuna Mwingereza benchi la pili.

Kisha timu ya taifa ya Uswisi, ambayo tangu 1966 ilikuwa inaangalia Kombe la Dunia kwenye televisheni kama sisi. Kawachukua 1992, kawapeleka Marekani 1994. Njiani wakaifunga Italia 1-0 pale Bern. Mwaka 1993 FIFA ikaiweka Uswisi nafasi ya 3 duniani, ya tatu jamani, mbele ya mataifa ambayo watoto wenu wanaitwa majina ya wachezaji wao. Kule Marekani wakaipiga Romania ya Hagi 4-1, wakatolewa na Hispania kwenye kumi na sita bora.

Sasa ndipo nikasema neno lililonigharimu. Nikasema: huyu bwana ni fundi wa viraka. Mpe nguo iliyochanika, matako yako nje, atakurudishia suruali ya kuendea msikitini. Lakini mpe kitambaa kipya cha suti ya harusi, atakishona kama anaziba tundu.

Cherehani ikasimama.

"Unasema nini kuhusu watu wa viraka?" akauliza fundi.

"Sikusemi wewe, fundi."

"Hapa nani mwingine anashona viraka?"

Ikabidi nimwombe radhi na nimlipie kahawa, vikombe viwili. Lakini neno sikulirudisha, kwa sababu mfano wenyewe huu hapa: Inter Milan, 1995. Tajiri Moratti ndiyo kwanza kainunua klabu, pesa zipo, na beki wa kushoto ni Mbrazili kijana anayeitwa Roberto Carlos. Hodgson akawa anamsogeza mbele, kijana hataki, na mwaka 1996 akauzwa Real Madrid. Huko akawa Roberto Carlos mnayemjua, yule ambaye mpira wake wa adhabu unakwenda sokoni kwanza ndipo unarudi golini. Kijiwe chote kikasonya, na mimi nikasonya nao. Ukiwa na mtu wa hivyo kwenye mstari wa vikombe, unaona kikombe kinachotoka mstarini. Wenzako wanaona dhahabu.

Na hata hivyo aliifikisha Inter fainali ya Kombe la UEFA 1997. Mechi ya pili San Siro, Schalke, wamekwenda hadi muda wa nyongeza, zimebaki dakika chache wafike kwenye matuta. Akamtoa Javier Zanetti, mtu ambaye hajui hata kukasirika, akamwingiza Nicola Berti. Zanetti akaja juu, wakarushiana maneno pembeni ya uwanja mbele ya watu elfu themanini. Baadaye walipatana na Zanetti alijuta, lakini siku hiyo matuta yalipigwa, Inter wakakosa, Schalke wakabeba kombe 4-1, na mashabiki wakamrushia kocha sarafu na viberiti vya gesi.

"Sarafu?" akasema muuza kahawa. "Angeokota."

Blackburn: msimu wa kwanza nafasi ya 6, msimu wa pili mkiani, Novemba 1998 nje. Grasshopper ya Zürich. Copenhagen, ubingwa wa Denmark 2001. Udinese, miezi. Falme za Kiarabu, 2002 hadi 2004, ambako binamu yangu anaendesha gari la mizigo na anasema kule kocha wa taifa akikosea hata mwenye duka la simu anampa ushauri. Viking ya Norwe. Na kila anakokwenda mzee anajifunza lugha ya watu: Kiswidi anakiongea, Kinorwe, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano. Makocha wangapi wa Kiingereza waliokuja huku kwetu walivuka "asante sana"?

Finland, sasa. Hapa naomba mtulie, maana hili kijiwe halikunisamehe.

Tarehe 6 Juni 2007, Helsinki, Finland na Ubelgiji, kufuzu Euro 2008. Mpira unaendelea, mara ndege mkubwa anashuka uwanjani. Anazunguka, anatua, anaruka tena, anakwenda kukaa juu ya goli. Mwamuzi anasimamisha mechi. Ndege mwenyewe ni bundi.

"Bundi?" dogo akashika helmeti.

Bundi, yule mkubwa wa masikio. Katua juu ya mtambaa wa panya, na mimi huwa najiuliza kama jina hilo ndilo lililomleta. Dakika kadhaa mechi imesimama, bundi anahama goli hili kwenda lile, anawatazama watu. Na watu, jamani, wanashangilia! Wanamwimbia! Finland ikashinda 2-0. Timu ya taifa ikaanza kuitwa kwa jina la bundi, ndilo jina lake hadi leo, na mwisho wa mwaka bundi yule akatangazwa raia wa mwaka wa jiji la Helsinki.

Kijiwe kikakataa. Fundi akasema hiyo ni chumvi. Nikamwapia. Mzee wa drafti akasema huku kwetu bundi akitua juu ya goli hata mwamuzi hamalizi mechi, kamati ya ufundi ya timu zote mbili inakutana kwenye giza, na kipa wa lile goli anakwenda kulala kwa shemeji yake. Halafu akauliza kwa upole wa hatari: "Na walifuzu?"

Hawakufuzu. Mechi ya mwisho walikwenda Ureno wakihitaji ushindi, wakatoka 0-0.

"Basi," akasema mzee, na kwake shauri limekwisha.

Desemba 2007 ndipo akaingia kwa dogo, yaani Fulham. Tajiri wa klabu Mmisri, Mohamed Al-Fayed, timu iko shimoni. Zimebaki mechi tatu, wako Manchester City, wamepigwa 2-0 hadi mapumziko. Kwa hesabu za siku ile walikuwa wameshashuka. Kipindi cha pili Msenegali Diomansy Kamara akafunga, Danny Murphy akafunga, na kwenye dakika za nyongeza Kamara akafunga tena, 3-2. Siku ya mwisho Murphy akapiga kichwa kule Portsmouth, 1-0, Fulham ikabaki kwa tofauti ya mabao. Msimu uliofuata nafasi ya 7. Uliofuata tena, Ulaya.

Juventus wamewapiga 3-1 Turin. Wamekuja London kwenye kiwanja kidogo kile cha pembeni ya mto, dakika ya 2 Trezeguet kafunga. Sasa Fulham wanadaiwa mabao 3 ili wafike tu usawa. Dogo, hiyo jezi uliyovaa ndiyo ilikuwa inavaliwa. Zamora kasawazisha. Cannavaro, nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia 2006, kapewa nyekundu. Gera moja, Gera mbili kwa penalti. Na dakika ya 82 Clint Dempsey, yuko pembeni ya boksi, wote wanangoja krosi, akaudokoa mpira taratibu kama mtu anayemimina kahawa bila kutaka kumwaga, ukapanda, ukapita juu ya kipa, ukashukia kona ya mbali. 4-1. Nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja Manzese, umeme ukakatika sekunde chache baada ya mpira kuingia, na hakuna aliyedai pesa yake.

Nusu fainali walipangiwa Hamburg, na Aprili hiyo volkano ya Iceland ikatema majivu, anga la Ulaya likafungwa. Fulham wakaenda Ujerumani kwa basi na treni. Mtoto wa dereva wa basi hakukosa wa kumwelewa. Ila nawaambia, Iceland ilikuwa imeshaanza kumtafuta tangu hapo. Fainali wakafungwa na Atlético Madrid 2-1, Diego Forlán dakika ya 116. Makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka.

Na kwa tuzo hiyo akashonewa suti nyingine ya harusi. Liverpool, Julai 2010. Miezi sita. Akatolewa kombe na Northampton ya daraja la nne, Anfield, kwa matuta. Akafungwa nyumbani na Blackpool. Desemba, Wolves wamekuja wamewafunga, mashabiki wa Liverpool wakaanza kuimba kwa kejeli: Hodgson apewe Uingereza! Yaani chukueni mzigo wenu. Januari akatimuliwa. Akaenda West Brom kuziba viraka vyake kwa raha zake, na Mei 2012 chama cha soka kikampa Uingereza kweli. Utani wa Anfield ukapigwa muhuri.

Siku ya pili yake gazeti moja kubwa la kule likaandika kichwa cha habari cha kumwigiza anavyoongea, maana mzee ana kitembe, herufi r inamshinda. Mbele ukurasa wa kwanza! Hapo nilisonya peke yangu, kwa sababu fundi wetu naye anasema "kalibu" badala ya "karibu" na hakuna aliyewahi kumchapisha.

"Mimi nasema kalibu?"

"Hapana, fundi."

Miaka minne pale ilikuwa ni ya mambo madogo kukuzwa na makubwa kupita. Oktoba 2013, mapumziko, mechi ya kufuzu na Poland, kawasimulia wachezaji kichekesho cha zamani cha wanaanga na nyani, maana yake ni mpasieni mwenzenu Townsend. Kichekesho kikatoka nje ya chumba bila maana yake. Akaomba radhi, Townsend mwenyewe akasema hakuona kosa. Ukiwa mzee, chagua hadithi zako, hasa zenye nyani ndani. Novemba 2012 alimpa Wilfried Zaha mechi yake ya kwanza ya Uingereza, dhidi ya Uswidi hukohuko kwa wenyeji wake, na akampa moja nyingine 2013. Halafu kimya. Zaha akaona isiwe tabu, akaenda kuvaa rangi ya chungwa ya Ivory Coast. Mlioshangilia mnajijua. Kombe la Dunia 2014 wakatoka makundi na pointi 1.

Kufuzu Euro 2016 wakashinda mechi zote 10. Kumi kwa kumi. Wakafika Ufaransa, wakavuka kundi, na hatua ya mtoano wakapewa Iceland.

Sasa leteni vile vikombe.

Iceland ina watu kama 330,000. Temeke peke yake inawameza na chenji inabaki. Kocha wao mmoja, Heimir Hallgrímsson, ni daktari wa meno. Mwingine alikuwa Lars Lagerbäck. Mnajua Lagerbäck ni wa wapi? Uswidi. Amekulia kwenye ukocha wakati shule ya Houghton na Hodgson inaota mizizi kule. Ilikuja kuandikwa kwamba siku Iceland inacheza na Austria pale Paris, Hodgson hakwenda uwanjani, alituma watu wake, yeye akapanda boti kutalii mto Seine. Angeenda. Angeona vikombe vyake mwenyewe: vinne nyuma, vinne mbele, mpira kulia wote kulia, mpira kushoto wote kushoto, katikati hapapiti mbuzi.

Juni 27, Nice. Rooney kafunga penalti dakika ya 4. Dakika ya 6 Aron Gunnarsson karusha mpira kwa mikono kutoka pembeni, mrefu kama kona, Árnason kaugusa kwa kichwa, Ragnar Sigurðsson kamalizia. Mrusho uleule waliokuwa wanaufanya mashindano yote, dunia nzima inauona. Dakika ya 18 Sigþórsson, la pili, kipa Hart kaugusa kwa mkono ukamponyoka. Ikabaki zaidi ya saa nzima, na Uingereza yenye mishahara ile yote haikujua mlango uko wapi. Nilimtazama Hodgson kwenye skrini. Uso wa mtu anayegongewa mlango na mtoto wake wa ujanani, mtoto mwenyewe keshakuwa na ndevu.

Mechi imekwisha, hapohapo katoa karatasi mfukoni, kasoma kujiuzulu.

"Huyo wa Pretoria," akasema mzee wa drafti, akala kete mbili kwa mkupuo. Lakini hakusonya. Nilimsikiliza.

Mtu mwingine angebaki nyumbani. Huyu Septemba 2017 kaenda Crystal Palace, mtaa wake wa kuzaliwa, timu imecheza mechi 4, pointi 0, mabao 0. Akafungwa na zake 3. Mechi 7, mabao 0! Ya nane wakaja Chelsea, mabingwa watetezi. Palace 2, Chelsea 1, na bao la ushindi nani kafunga? Zaha. Yuleyule. Wakamaliza nafasi ya 11. Februari 2019, akiwa na miaka 71, akampita Bobby Robson kuwa kocha mzee kuliko wote waliowahi kukaa benchi la Ligi Kuu ya Uingereza. Kuondoka 2021, kushuka na Watford 2022, kurudishwa tena Palace Machi 2023 timu inayumba, kuinyoosha tena, hadi Februari 2024 alipougua mazoezini na kukabidhi ufunguo.

Jua lilikuwa limezama. Muuza kahawa akahesabu vikombe vyake vinane, akavihesabu tena. Abiria wa dogo alishapanda nyingine zamani. Dogo akavua jezi, akabaki na singlendi, akamsogezea fundi.

"Fundi, hii L unaweza kuirudisha?"

Fundi akaigeuza jezi ndani nje, akaivuta kidogo kwenye mshono, akaitazama ile G kwa jicho moja. Akanitazama na mimi.

"Kiraka hiki," akasema. "Elfu mbili. Njoo kesho."

Kijiwe kizima tukasonya. Kesho ya fundi cherehani tunaijua.